Basi Lililokuwa Likinyamaza Kila Likiniona

Unalisikia kabla hujaliona. Basi dogo la shule, redio juu, mmoja anaimba, mwingine anagonga dirisha, utadhani wanakwenda harusini.

Likinifikia mimi, kimya.

Redio inazimwa. Anayeimba anakatisha wimbo katikati. Watoto wote wananitazama wamebana midomo, na mlango unafunguliwa taratibu kama wa chumba cha mgonjwa.

Kila asubuhi ndivyo ilivyokuwa. Nikajua tu wananisema.

Naitwa Gaynor. Naishi Northampton, Uingereza, mtaa wa nyumba mpya ambao watu wake wanakata nyasi kwa mashindano. Nina binti mmoja, Bethan, miaka kumi na tatu. Anajifunza kwa shida, anaongea polepole, na barabara hawezi kuvuka peke yake. Kwa hiyo halmashauri inamletea basi lenye dereva na msindikizaji, limchukue mlangoni na kumrudisha mlangoni.

Tatizo ni kwamba mimi sikutaka lifike mlangoni.

Kisa kilikuwa jirani yangu, Philippa. Tulipohamia aliniuliza Bethan anasoma wapi. Nikamjibu shule ya kulipia, ya sanaa, mbali kidogo. Sijui niliitoa wapi, na niliisema huku natabasamu. Sasa basi lenye lifti ya viti vya magurudumu, limeandikwa jina la halmashauri ubavuni, lingesimamaje mbele ya nyumba yangu?

Nikampigia dereva, Nadeem.

"Kaka, kwetu basi haliwezi kugeuka. Tutawasubiri kwenye kona, pale kwenye duka la kufulia nguo."

"Hamna shida, dada."

Bethan nikamwambia hivyo hivyo. Akafikiri kidogo.

"Lakini mama, lori la taka linageuka."

"Lori la taka ni tofauti."

Akanitazama.

Basi ikawa ndiyo safari yetu. Kofia ya koti kichwani, miwani ya jua hata mvua ikinyesha, namvuta mtoto mbio mbio nyuma ya magereji ya kuegeshea magari, majirani wasituone. Konani najibanza nyuma ya mti, nachungulia kushoto na kulia. Bethan ananipapasa mgongo.

"Wanakuja sasa hivi, mama. Tulia."

Nilidhani anacheza.

Mwezi uliopita kona ile ikachimbwa, wanatengeneza bomba la gesi. Nadeem akapiga simu nikiwa bado na gauni la kulala.

"Dada, huku hakupitiki. Tunakuja mlangoni kwako. Usiwe na wasiwasi, tutakuja kwa utaratibu wetu ule ule."

"Utaratibu gani? Nadeem, subiri..."

Akawa ameshakata.

Nikasema leo nimekwisha. Saa zile zile ndizo Philippa hutoka na mbwa wake.

Basi likaingia mtaani. Likageuka bila shida yoyote, na nafasi ikabaki. Ndani kimya kabisa. Beryl, msindikizaji, mama wa makamo mwenye fulana ya njano inayong'aa, akashuka akinyata.

"Habari ya asubuhi, mpenzi," akaninong'oneza. "Ni sisi tu. Vuta pumzi."

"Kwani kuna nini?" Na mimi nikajikuta nanong'ona.

Hapo hapo Philippa akatokea. Mbwa akaanza kubweka. Mvulana mmoja dirishani, Kasper, akaweka kidole kwenye midomo yake, akamkazia mbwa macho kwa hasira.

"Nyamaza wewe! Mama yake Bethan yupo!"

Philippa akaangalia basi, akaniangalia mimi. "Gaynor, hawa wamepotea njia?"

Kabla sijapata la kusema, Bethan akasimama kati yetu, mikono ameitanua.

"Usimsogelee sana," akamwambia. "Mama yangu anaogopa watu. Ongea naye polepole. Atakuzoea."

Philippa akabaki mdomo wazi. Mimi nilikuwa na hali mbaya kuliko yeye.

Beryl akanivuta pembeni. "Bethan alitueleza mapema kabisa, mpenzi. Alisema barabara haina tatizo, maana lori la taka linapita. Ni mama ndiye anayeogopa, ndiyo maana anajifunika na kujificha nyuma ya mti. Akatuomba tukusaidie."

"Kunisaidia mimi?"

"Humu kila mtu ana utaratibu wake. Rhys manukato yanamtesa, basi hatujipulizii. Anjali basi likirudi nyuma analia, basi Nadeem anazunguka. Wa kwako ni kimya." Akacheka kidogo. "Na Kasper yule hanyamazi kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake. Kwako ananyamaza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto niliowakimbia nisionekane nao ndio waliokuwa wakinihurumia kila asubuhi. Na mimi moyoni nilikuwa nawatukana.

Bethan akaona machozi.

"Usione aibu, mama. Kila mtu kwenye basi ana kitu chake."

"Bethan, mama haogopi watu, mama ana..."

Nikakwama. Ningemalizia na nini? Kwamba siogopi mtu, ni wewe ndiye ninayekuonea aibu?

Nikamgeukia Philippa. "Hawajapotea. Hili ndilo basi la Bethan, na shule ya kulipia haipo. Nilikudanganya."

Philippa akavuta mbwa nyuma hatua kadhaa, akanijibu polepole, neno moja moja, kama alivyoelekezwa.

"Sawa... Gaynor. Siku... njema."

Nilistahili.

Kesho yake nilisimama getini bila kofia wala miwani. Nilimwomba Beryl waje na kelele zao zote. Kasper akaimba nusu ya wimbo, akanyamaza, akanichungulia kama nimeweza kuvumilia. Nikampungia mkono. Akaumalizia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Bethan akanibana mkono. "Umejitahidi sana leo, mama."

Mpaka sasa anaamini mama yake ni mwoga aliyeanza kupata nafuu. Nimemwacha aamini. Anawasimulia watu kwa fahari jinsi ninavyoendelea vizuri, nami nasimama pembeni, uso unaniwaka, nakubali kwa kichwa.

Kama nawe kuna mtoto unampitisha nyuma ya magereji, usijidanganye kwamba haoni. Anaona. Omba tu awe na roho kama ya Bethan, akutafutie sababu nzuri kuliko ile uliyonayo.