Siku Niliyowaita Mbuzi Kiwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya chokaa, brashi iliyonyonyoka na filimbi. Nilikuwa nimevaa suruali mpya iliyopigwa pasi hadi ikataka kusimama yenyewe, maana nyumbani Galbet nilikuwa nimewatangazia watu kwamba nimeandikwa kazi ya ndege. Msimamizi wa Kiwanja cha Garissa alikuwa mtu wa kutoka Kenya, ndivyo tulivyosema enzi hizo, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Kijana, umekuja kuendesha?"

"Hapana, bwana mkubwa."

"Basi kavae suruali mbaya. Kazi yetu ni ya chini."

Vijana wakisikia mtu amefanya kazi kiwanja cha ndege hudhani alikaa katika chumba cha vioo akiongea na redio. Mimi nilikuwa mtunza njia. Kila alfajiri baada ya swala niliitembea njia ya kurukia kutoka ncha hadi ncha, macho chini kama mtu aliyeangusha pete. Niliokota mawe, kwa kuwa jiwe dogo likirushwa na pangaboi la ndege hutoboa bawa. Nilifukia mashimo ya ngiri na kubomoa vichuguu vikiwa bado vichanga. Nilipaka chokaa mawe ya kando ili rubani aone njia inapoanza na inapoishia. Niliangalia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, ambao ukinyooka upepo ni mkali na ukining'inia ni shwari. Na zaidi ya yote nilifukuza mifugo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi hasa, mengine yalikuwa mapambo.

Mvua iliponyesha kulikuwa na kipimo cha kisigino. Unakwenda katikati ya njia, unakanyaga kwa uzito wako wote, unatazama. Kisigino kikiacha alama tu, ardhi iko tayari. Kikizama, unatandaza msalaba mkubwa wa kitambaa cheupe, na rubani aliye juu anajua kwamba njia imefungwa. Msimamizi alinifundisha hayo bila kupandisha sauti, na kwa miaka niliyokaa chini yake sikumsikia akisema uongo juu ya udongo.

Niseme ukweli, nilizipenda alfajiri zile kuliko ninavyoweza kueleza. Ardhi yetu ni tambarare hata mtu akisimama peke yake hujiona mrefu. Kabla ya jua kupanda, ukungu mwembamba hulala juu ya vichaka, na huwezi kujua mahali ardhi inapokoma na mbingu inapoanza. Mara nyingi nilisahau kama natembea au bado nimelala. Nikishtuka, nimefika mwisho wa njia na mfuko umejaa mawe.

Baadaye nilihamishiwa Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Ofisa wa Wilaya wa huko alikuwa mrefu na mkali. "Abdullahi," aliniambia siku niliyoripoti, "ndege ya daktari ikikosa kutua kwa sababu ya mbuzi, wewe ndiye utakayemweleza mgonjwa." Tangu hapo nikawa adui wa kwato zote. Huko ndiko nilikoona watu wakitengeneza silanga, lile bwawa la kukinga maji ya mvua. Walipomaliza kuchimba waliingiza mbuzi na kondoo ndani, wakawazungusha asubuhi nzima, ili kwato zishindilie udongo na maji yasinywewe na ardhi. Nilitazama, nikamaliza chai yangu, nikaenda zangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Rhamu, kando ya mto Daua. Upande huu kuna mashamba ya vitunguu na migomba, upande wa pili ni Ethiopia. Njia ya kurukia ilikuwa udongo mtupu. Jirani wa kiwanja alikuwa mjane mfugaji, Eedo Dahabo. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamke aliyetutangulia. Mimi na yeye tulikuwa tumegombana kwa sababu ya mbuzi wake tangu wiki niliyofika.

Adhuhuri moja, mawingu yakiwa yameziba vilima vya Ethiopia, nilisikia mlio mwembamba kama wa cherehani. Ndege ndogo nyeupe ilitoka ndani ya weusi ule, ikayumba, ikatua kama majani yanavyotua. Mfuniko ulifunguka, akashuka msichana mwembamba mwenye uso uliochoka.

"Uko peke yako?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha kiwanjani.

"Peke yangu."

"Umetoka wapi?"

"Ufini."

"Na unakwenda wapi?"

"Ufini."

Nikadhani hajanielewa. Akatabasamu, akachora duara kwa kidole kwenye vumbi la bawa. Aliitwa Aino, alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa anaizunguka dunia yote peke yake. Alikuwa akielekea Nairobi kisha baharini, mawingu yakamfungia njia. Polisi walikuja wakaangalia karatasi zake, wakampa mkono, wakaweka askari wa kulinda ndege. Eedo Dahabo naye alikuja, hakuangalia karatasi yoyote, akamshika mkono mgeni wake akaenda naye nyumbani.

Eedo aliamini kwamba kila asiyejua Kisomali anajua Kiswahili, na P kinywani mwake ilikuwa B. "Kula, mtoto," alimwambia, akimsogezea sahani. "Bole bole. Ndege gani hii? Hata bunda yangu ni kubwa. Mama yako nakubali namna gani?" Aino hakuelewa neno, akala kila kitu.

Mvua ikaanza alasiri hiyo, ikanyesha kama iliyokuwa ikitudai. Ilipokatika nilikwenda njiani nikakanyaga, mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Nikatandaza msalaba mweupe. Siku zilizofuata ilikuwa vilevile, jua kidogo, mvua, jua kidogo. Msimamizi wa Kanda, kijana msomi mwenye adabu aliyekuwa bosi wangu wa mwisho, akanipigia simu.

"Mzee Abdullahi, watu wa hali ya hewa wanasema mvua ndiyo kwanza inaanza. Tumezungumza na wenzake wa huyo rubani. Lori liko njiani. Mafundi watafungua mabawa, ndege iletwe Nairobi kwa barabara."

Nilimpelekea Aino habari hizo chini ya bawa la ndege yake, mahali alipopenda kukaa.

"Nikibebwa na lori hata kidogo, duara limekatika," akasema. "Nitakuwa nimetembea tu, sitakuwa nimeizunguka dunia."

Akanieleza kwamba tangu utotoni huota anaruka juu ya maji, haoni ufuko mbele wala nyuma, na haogopi. Alikwenda kuitafuta ndoto hiyo, na sasa imekwama kwenye tope la Rhamu. Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimeona marubani wengi wakikwama, lakini hao walikuwa wamechelewa tu. Huyu alikuwa anapoteza kitu ambacho hakirudi.

Siku hiyo jua lilitoka kali. Nililala kidogo baada ya adhuhuri, na usingizini nikajikuta Hulugho, kando ya ile silanga. Mbuzi walizunguka na kuzunguka bila sauti, na kila walipopita udongo uling'aa, ukawa sakafu. Niliamka nimeketi. Nikavaa viatu, nikaenda moja kwa moja kwa Eedo Dahabo.

"Eedo, nimekuja kuomba mbuzi."

"Wa kuchinja?"

"Wa kutembea. Juu ya njia ya ndege."

Akaweka kikombe chini. "Subhanallah. Wewe uliyewapiga mawe mpaka mmoja anachechemea hadi leo?"

"Ndiye mimi."

"Uliyenishtaki kwa Chifu, ukasema mifugo na ndege havikai pamoja?"

"Ndiye, Eedo."

"Hebu rudia, masikio yangu yamezeeka."

Nikarudia. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shela, kisha akamwita jirani yake aje asikie, na mimi nikarudia tena. Walipochoka kucheka, akasimama. "Si kwa ajili yako, Abdullahi. Mgeni hafungiwi njia. Udongo ukoje?"

"Haushiki tena kwenye kiatu, lakini bado unabonyea."

"Basi ni kesho asubuhi. Ukikauka zaidi utapasuka, na mvua ikirudi umekwisha."

Habari ilienea. Mmoja alileta ngamia, tukamrudisha, kwa kuwa wayo wa ngamia ni laini kama mto wa kulalia. Ng'ombe tuliwakataa, wao huchimba. Tulitaka mbuzi na kondoo, wenye kwato ndogo ngumu.

Asubuhi hiyo bado naiona nikifumba macho. Mvuke ulipanda kutoka ardhini, na ndani yake mbuzi walikuja weupe kwa weusi, wamebanana upana wote wa njia, hatuoni miguu yao. Walielea. Eedo Dahabo alikuwa mbele akiwaimbia, sauti nyembamba ya kuwapeleka kisimani. Aino alitembea pembeni na fimbo, kiatu kimoja mkononi. Nami nilipiga filimbi ileile ya kufukuzia, sasa nawaita, na watu wakanicheka njia nzima. Tulikwenda hadi mwisho, tukageuka, tukarudi, tukageuka tena, mpaka nikapoteza hesabu. Kisha punda walikokota matawi ya miiba kusawazisha alama za kwato.

Simu ikalia.

"Mzee, nasikia kuna mbuzi kiwanjani."

"Wapo, bwana."

"Wafukuze."

"Wanafanya kazi, bwana."

"Na njia ikimuua mtoto wa watu?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza tangu nilipoamka. "Nitapima," nikasema. "Nikiona haifai, nitamzuia mimi mwenyewe, hata kama atalia."

"Msalaba wako usiondoke mpaka uwe na hakika," akasema, akakata.

Nilikwenda njiani peke yangu nikakanyaga kila hatua chache, jasho likinitoka. Udongo ulikuwa umeshikana. Kisigino kiliacha alama tu, mpaka nilipofika karibu na mwisho, mahali maji yalipokuwa yamesimama. Hapo kilizama. Nilitamani sana kujidanganya. Nikaukunja msalaba, nikatandaza kipande kimoja cha kitambaa kukata njia, kabla ya mahali pale pabaya.

Wakati huo Aino alikuwa anapunguza uzito. Alitoa hema, vitabu na begi la nguo. Kila alipotoa kitu, kina mama walitia kingine, maziwa ya ngamia, sukari, shuka, mikate ya anjera. Alipanga vitu chini akihema, akageuka, akakuta ndege imejaa tena. Mwishowe alichukua mkebe mdogo wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa katika samli, akaubusu, na Eedo akaridhika.

"Njia itanibeba?" aliniuliza akifunga mkanda.

"Hadi kitambaa, ndiyo. Baada ya hapo, siapi. Ukifika pale magurudumu yakiwa bado chini, simama."

Akaitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, na nilifurahi kwamba hakutabasamu.

Cherehani ile ilinguruma. Ndege iliondoka pole, tope likirukia mabawa, pole mno, nikaona kitambaa kinamngoja naye bado yuko chini. Nilisema kalima ya shahada. Eedo alinishika mkono akaubana. Magurudumu yakainuka, yakagusa tena, yakainuka, na kile kitambaa kikapeperuka kwa upepo wake. Akapita juu ya migomba ya Daua, akageuka, akatuzunguka mara moja, chini kiasi cha kumwona akipunga. Halafu akawa kitone, halafu hatukuwa na hakika kama tunamwona au tunamkumbuka.

Mvua ilirudi alasiri ileile. Lori lilifika kesho yake likiwa na tope hadi madirishani, mafundi wakashuka na spana zao.

"Ndege iko wapi?"

"Imebaa," Eedo Dahabo akawajibu. "Nyinyi nachelewa. Kujeni mkunywe chai."

Msimamizi wa Kanda alinipa onyo, kama ilivyompasa. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine, udongo unatakiwa kuwa na unyevu kiasi gani kabla ya kuingiza mbuzi.

Nilistaafu baada ya mvua zile, nikarudi Galbet. Asiyezoea kukaa hufundishwa na goti, na langu limenifundisha. Alfajiri bado naamka, natembea uani macho chini, mke wangu ananiuliza nimepoteza nini. Nikitazama nyuma sioni mambo makubwa. Naona ardhi, ukungu, na watu walioondoka salama bila kunijua jina, na sikuwahi kuona vibaya. Aliyetunza mlango haombi kutajwa na kila apitaye.

Lakini alasiri moja simu ya binti yangu ililia, na ilikuwa ni Aino. Alikuwa amefika kwao. Bahari zote alizivuka, na katikati ya moja aliangalia mbele na nyuma asione ufuko, na hakuogopa. Nilimuuliza ndege ina hali gani, kwa kuwa mtu wa kazi huuliza kazi kwanza. Akasema mafundi wake walifungua vifuniko vya magurudumu, wakakuta ndani tope la Rhamu limekauka. Walitaka kulikwangua. Amewakataza.

Nilirudisha simu, nikakaa kwenye mkeka, nikashindwa kuzuia machozi. Mke wangu alitoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Ni udongo wetu. Umeruka."