Siku Simu Ilipompeleka Mama Nyumbani

Kwa muda wa miaka miwili hivi mama yangu alirudi nyumbani kwa njia isiyo na maana. Kutoka hospitali, au kutoka kwa mdogo wake anayekaa ng'ambo ya daraja la Lukuga, taksi ingeweza kushika barabara ya kando ya ziwa, ikapita bandarini na stesheni, ikapanda mlima kwetu, basi. Badala yake iliacha lami mapema, ikapanda kwa nyuma, ikazunguka makaburi ya zamani na kiwanja cha mpira, ikashuka tena kidogo, ndipo ikapanda. Mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba magotini, akitazama nje. Mimi ndiye niliyemwomba dereva afanye hivyo.

Sababu ilikuwa nyumba. Marehemu baba, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, alitujengea chini kabisa, karibu na maji, na sote tulizaliwa humo. Miaka ile ziwa lilipopanda, lilianza kwa kuingia kwenye lengalenga, mchicha wa Mama nyuma ya nyumba, likaja hadi jikoni, polepole, kama mgeni anayejua atalala. Asubuhi moja tulimchukua Mama na magodoro mawili na cherehani yake, tukampandisha mlimani ninapopanga. Tulimwambia maji yakishuka tutarudi. Wiki haikwisha, matofali mabichi yakalainika na kuta zikalala chini. Tulichookoa ni mabati. Nilikwenda kutazama mwenyewe, nikarudi, nikampikia Mama ugali wetu wa bukari na dagaa wa ndakala, wala sikumwambia kitu.

Daktari alikuwa ametuonya kuhusu tansio yake, presha ya damu: asishtuliwe. Niliogopa kwamba Mama akiona pale mahali, moyo utasimama palepale, na nitamzika karibu na baba kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa na hofu tu, wala sina jina zuri zaidi la kuipa. Tukafanya kikao, mimi na mdogo wake Mama, na ndugu yangu wa Lubumbashi kwenye simu, tukakubaliana asiambiwe. Wageni tuliwapokea mlangoni na kuwanong'oneza kabla hawajavua viatu. Mji mzima ulijua kwamba nyumba haipo, na mji mzima, ambao hauwezi kuficha hata ujauzito wa mwezi mmoja, ukaficha hilo.

Mama alikuwa na swali moja. Lilikuja akichambua mchele, au baada ya sala ya alasiri, bado amekaa kwenye mkeka.

"Tutarudia siku gani kwetu?"

"Maji ikishuka, Mama."

Aliitikia kwa kichwa. Baada ya siku nne tano aliuliza tena, kwa maneno yaleyale, nasi tulitazamana. Tulisema ni uzee, anasahau alichojibiwa.

Dereva wa taksi tulimhitaji sana katika uongo huu, maana Mama hakutoka bila taksi, na ikipita pabaya angeona yote. Alikuwa mzee mwenye Korola nyeupe, na hukumwambia namba ya nyumba wala avenyu. Ulimtajia mtu. Ukisema kwa yule mama wa mikate, alikujibu kwamba siku hizi amehamia kwa binti yake, magoti hayampi raha, na ndiko alikokupeleka. Alijua nani amefiwa, nani hasemi na nduguye na kwa nini. Nilipomweleza habari ya Mama, hakuniachia nimalize. Alisema tu, "Nimeelewa."

Mara mojamoja Mama alimwinamia kutoka nyuma.

"Papa, leo tupitie ku chini, nione maji."

"Mama, njia ya ku chini banaikata. Banatengeneza."

Waliitengeneza miaka miwili. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilipanda mlima, ikazunguka makaburi na kiwanja cha mpira, na ilikula petroli.

Ndipo ikaja ile programu ya simu ya kuitia pikipiki. Watu fulani wa mjini waliianzisha, wakaandikisha waendeshaji, na mimi niliipenda siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Yule mzee wa Korola alisimama kusalimia kila kibanda, na kila tulipofika kwenye mteremko aliniuliza kwa nini siolewi tena, kana kwamba swali lile lilikuwa chini ya breki. Mwendeshaji wa simu hakuuliza. Alikuja, alitazama kioo cha simu yake, nilipanda, tukaenda. Nilikaa nyuma ya mgongo wa mtu asiyenijua, katika mji ambao hata mbuzi wake wananijua, na upepo wa ziwa ukanipiga usoni, nikajiona nimepumzika kama niliyelala mchana.

Zaidi ya safari nilipenda ramani. Kazi zilipopungua bironi, ofisini kwangu pale bandarini, nilifungua programu na kutazama vile vipikipiki vidogo vikitembea mjini bila mtu juu yavyo, bila kelele wala vumbi, kama sisimizi walioonja sukari. Ziwa lilikuwa rangi ya samawati tupu. Lakini ramani ile ilichorwa zamani, haikuwa na habari kwamba maji yamepanda. Niliikuza kwa vidole viwili nikaiona avenyu yetu, kamstari keupe, kavu kabisa, na nyumba zote zimesimama. Kwenye simu hakuna aliyehama. Nilikaa naitazama hata dakika kumi, nikimwona baba akitoka na redio yake, na Mama akimwaga maji ya vyombo kwenye lengalenga, halafu mtu aliita nje kuhusu mizigo ya Kigoma nikafunga simu.

Alhamisi moja Mama alikuwa hospitali kupimwa tansio, na mzee wa Korola alikuwa Kabimba kwenye msiba. Sikuona shida. Mama alikuwa na simu nzuri, aliyopewa na ndugu yangu zamani ili awaone wajukuu, nami nilikwisha kumwekea programu na kuiunganisha na namba yangu, safari zake zionekane kwangu pia. Nilimpigia.

"Mama, gusa ile picha ya nyumba ndogo. Moto itakuja, ile pikipiki. Usimwambie mwendeshaji kitu, yeye anajua."

"Anajua?"

"Telefone njo inamwambia," nikamjibu: simu ndiyo inayomwambia.

Kosa langu ni hili. Picha ile niliijaribu kwenye simu yangu tu, na kwangu ilifanya vizuri. Ya Mama programu iliichukua kwenye ramani ya simu yake, ambako ndugu yangu alikuwa ameiweka mwenyewe siku alipomletea ile simu, alipokuja likizo, Mama akiwa angali anakaa chini. Sikufungua kuangalia nyumba ndogo ile ilikuwa nyumba ipi.

Nikakaa mezani, nikakitazama kipikipiki chake kikitoka hospitali. Kilishika lami. Kilipofika pale taksi ilipokuwa ikiacha lami, hakikuacha. Nikadhani mwendeshaji anajua njia ya mkato. Kikaendelea na barabara ya chini, taratibu, kwenye ile rangi nyeupe ya ramani isiyo na mawimbi, nami nikawa nimeshika simu kwa mikono miwili. Kisha nikasikia injini ya kweli nje ya dirisha, nikainua macho.

Mama alipita mbele ya biro yangu. Alikuwa amekaa upande, miguu pamoja, mwavuli wa kijani umefungwa na kulazwa mapajani, ushungi umejaa upepo. Kwa umri wake wote hakuwahi kupanda pikipiki. Uso wake niliuona kwa muda wa kupepesa jicho tu, na hakuwa na hofu. Alikuwa anatazama ziwa, anatabasamu. Sijui kama watu wengine waliona nilichoona, maana mchana uliendelea kama kawaida, mama wa ndizi aliendelea kupanga ndizi, nami nikasimama hapo kama mtu anayeota na kujua kwamba anaota.

Halafu nikakimbia. Nilimpigia, hakushika. Nikasimamisha pikipiki yoyote ya njiani, nikamwambia mwendeshaji afuate barabara hadi iishe. Njiani nilisoma kila dua niliyofundishwa utotoni, nyingine nusunusu, nikiruka nilizosahau.

Barabara iliisha ndani ya maji. Iliingia tu, bila kona, lami ikionekana bado chini ya maji kwa hatua kadhaa, kisha haionekani. Saa tisa ilikuwa imepita kidogo na ziwa lilikuwa limetulia, mwanga umelala juu yake. Minazi miwili iliyokufa ilisimama mle ndani na nguzo ya umeme isiyo na waya. Ukingoni alisimama mwendeshaji, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, kofia mkononi, simu mkononi. Mama alikuwa mbele yake, ameacha viatu pakavu, maji yakimfika vifundoni, kitenge amekishika juu kidogo. Alikuwa mzima na amesimama wima.

Mwendeshaji alinisogelea haraka, amefadhaika.

"Mi natoka Manono, niko na mwezi moja tu hapa. Telefone ilisema njo hapa. Nikamwuliza, Mama, ni hapa kwako? Akasema ndiyo. Nikamwambia, lakini Mama, ni maji. Akasema, maji njo ilitukuta."

Nikavua viatu nikaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Niliposimama kando yake Mama hakugeuka.

"Umekuja," alisema.

"Mama, twende. Tansio yako." Kisha, Mungu anisamehe, ulimi ukashika njia yake ya kila siku. "Maji ikishuka..."

"Acha."

Nikaacha.

"Nalijua tangu mwaka ule," alisema. "Bati yetu iko ku jiko ya mudogo yangu, na ile rangi nyekundu babako alipaka mwenyewe. Kila nikienda kwake ninakula chini ya paa yangu. Mulizani macho yangu nayo ilizama?"

Mdogo wake, aliyekula kiapo cha siri pamoja nasi, alikuwa ameezekea jiko lake ushahidi, na sisi wote tulikuwa tumekunywa chai chini yake. Ningekuwa mahali pengine ningecheka.

"Sasa kwa nini ulikuwa unauliza, Mama? Kila mara ulikuwa unauliza."

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Alisogeza mguu ndani ya maji, na ule mchanga laini ukainuka kidogo, ukatua tena. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniagiza chumvi:

"Mutu akifa, banakuja kukuambia. Hata kama ulishaona alama, hata kama ulisikia kilio kwa jirani, unakaa, unangoja mutu wa kwenu akuambie. Njo hapo unalia. Mimi ningelia nini? Hakuna mutu alikuja kuniambia."

Nikasema tulimwogopea. Akasema anajua. Nikasema hata yule mzee wa Korola alimwogopea, alikuwa akizunguka kwa ajili yake tu.

"Yule Papa ananijua sana," alisema Mama, "njo maana hakunifikisha. Huyu hanijui. Aliniuliza tu, ni hapa?"

Nilikuwa nasikia hasira na aibu pamoja, na sikujua ni ipi ya kutangulia. Sikutaka kusema. Miaka miwili nilikuwa nimelibeba neno hilo, nikijiambia nalibeba kwa ajili yake, na sasa niliona kwamba nilikuwa naogopa kulisikia mwenyewe. Siku ile nilipokwenda peke yangu kutazama kuta zimelala, sikulia. Nilikuwa na haraka ya kurudi kudanganya.

"Sema," alisema Mama.

"Nyumba yetu imekufa, Mama. Ilianguka wiki ile ile tuliyokutoa. Iko ndani ya maji."

"Chumba cha babako?"

"Nacho kimeanguka."

"Na kile mulizaliwa ndani?"

"Nacho, Mama."

"Jiko?"

"Jiko lilitangulia."

Aliuliza baraza, akauliza bafu ya nje, akauliza hadi ukuta mfupi wa kuku, kimoja kimoja, nami nilijibu kimoja kimoja, mpaka nyumba yote ikawa imetajwa. Halafu Mama alikaa chini palepale ndani ya maji, na kitenge chake, akaweka mikono kichwani, akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia mama zetu msibani, akilitaja jina ambalo baba aliipa nyumba kwa utani na ambalo nje ya familia hakuna anayelijua. Nilikaa kando yake, nikamshika bega, na mimi nikalia. Moyo wake haukusimama. Niliusikia mgongoni mwake chini ya mkono wangu, ukipiga kwa nguvu.

Mwendeshaji alikuwa bado ukingoni, hakuwa ameondoka. Alipoona tumelia vya kutosha, alipandisha suruali yake hadi magotini, akaingia majini, akainama mbele ya Mama na kumpa mkono kwa mikono miwili.

"Pole, Mama," alisema.

Alikuwa mtu wa kwanza kumpa pole.