Kibao cha Kiingereza Safi

Mimi Kiingereza nilikipata kwa fimbo, ndiyo maana nilikionea wivu. Sekondari yetu kule Kigoma, aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Muhula wa kwanza nilikivaa hadi kamba ikanichubua. Kufika kidato cha nne sikukivaa tena, na baadaye nikawa mwalimu wa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipofika Durban mwaka 2009, nikitarajia kusikia Kiingereza chenyewe, nilichokikuta kilinitia hasira ambayo sina hakika kama imepoa mpaka leo.

Taa za barabarani wanaziita robot. Pikapu ni bakkie. Nyama choma ni braai, dawa ya mganga ni muti, mkutano wa mabosi ni indaba, na aliyeamka na uchovu wa pombe ya jana ana babalas. Wala si maneno ya vijiweni, jamani! Niliyasoma gazetini, ukurasa wa mbele, yamekaa katikati ya sentensi kama mgeni aliyejipakulia chakula kabla ya kukaribishwa. Mwaka wa Kombe la Dunia ndio walinimaliza kabisa. Nilimsikia mtangazaji wa redio, Mwingereza wa kuzaliwa, anatamka vuvuzela, lile tarumbeta la mashabiki, bila hata haya, kana kwamba neno hilo alilikuta kwa bibi yake. Nikaizima redio. Mimi nimechapwa kwa ajili ya lugha yao, halafu wenyewe wanaiacha mlango wazi, kila apitaye aingie na viatu!

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafundisha Kiingereza kwenye chumba cha kanisa pale Albert Park. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama wa Kikongo na Kirundi waliofanya kazi ya kusuka nywele katikati ya jiji. Nikaona nisimame imara angalau mahali pamoja. Nikatafuta kipande cha mbao, nikatoboa matundu mawili, nikapitisha kamba, nikaandika kwa rangi nyekundu: Nimekichafua Kiingereza. Atakayechanganya neno la Kizulu au la Kikaburu atakivaa mpaka mwisho wa kipindi. Niliwatungia sheria hiyo mama za watu, mmoja wao ana wajukuu. Siku ya kwanza walicheka, wakadhani natania.

Aliyekivaa kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Kwao alikuwa fundi cherehani. Hapa alisuka nywele amesimama tangu saluni ifunguliwe hadi ifungwe, na miguu yake ilivimba hata viatu avivue kwa mikono miwili. Alisikia kwamba kiwanda kimoja cha makochi kule Jacobs kinatafuta washonaji. Kushona ni kukaa. Alijifunza Kiingereza kwa ajili ya kiti hicho tu, hakunificha. Na alijifunza upesi kunishinda mimi, ila alijifunzia kwenye taxi, ndizo daladala za kule, na kwa wateja wake, na kila akifungua mdomo linatoka eish la kushangaa, linatoka bakkie. Nami nanyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani nilipokitundika, nakitoa kibao.

Siku moja, kibao kikiwa kifuani pake, aliniuliza, "Mwalimu, na ile neno safari Wazungu wanasema, ni nani aliwapatia? Hiyo njo Kiingereza?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nyani haoni kundule, lakini siku ile sikuwa tayari kugeuka nikajitazama. Nikamwambia avae na Jumamosi inayofuata.

Hakutania tena baada ya hapo. Alianza kusema polepole, akipima kila neno kabla ya kulitoa, nami nikajisifu kwamba sasa ameiva.

Siku ya usaili alinisihi nimsindikize. Walimpa cherehani na kitambaa kigumu cha kochi, akashona mshono ulionyooka hata msimamizi, mama wa Kizulu mwenye miwani, akauinua dirishani kuutazama. Kisha akaanza kumuuliza mambo mepesi tu, kwa Kiingereza chao kile kile: umekujaje, unakaa wapi, mashine ikigoma utafanyaje. Mimi nilikaa kwenye benchi mlangoni, nikisikia kila kitu.

Mwanafunzi wangu hakujibu. Alifungua mdomo, akaufunga, na mkono wake ukapanda shingoni, ukapapasa mahali ambapo kamba huwa inakaa. Swali la pili, vile vile. La tatu, akatazama sakafu na vidole bado viko shingoni. Nilijua fika anatafuta nini pale.

Msimamizi akanijia mlangoni. "Eish, baba, pole. Mikono yake ni mizuri mno. Lakini mashine za humu ndani zinakata watu. Nahitaji mtu anayeweza kupiga kelele."

"Anajua Kiingereza," nikasema.

"Sasa mbona hasemi?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema: mimi ndiye niliyemfunga mdomo, muulize tena, mwambie aseme atakavyo. Hilo tu. Lakini ningelazimika kumweleza mama yule mwenye miwani habari za kibao, kwa Kiingereza changu safi, nikaona aibu. Nikaangalia viatu vyangu. Akasubiri kidogo, akashukuru, akaita mwingine.

Tukaanza safari ya kurudi mjini. Tulipofika kwenye taa, nikamsikia anasema peke yake, taratibu, "Robot. Bakkie. Eish. Ile maneno yote ilikuwa hapa, Mwalimu," akajigusa koo. "Niliogopa kibao yako."

Nikamwambia nasikitika.

Jumamosi alikuja darasani mapema kuliko wote. Alikuwa ametoka kuomba ruhusa saluni, na alikuwa amevaa ndala kwa sababu viatu vilikuwa vimekataa kuingia. Wenzake walipokwisha kukaa, alikwenda kwenye msumari, akakitoa kibao, akaja nacho mpaka mbele yangu.

"Vaa, Mwalimu."

"Sijachanganya neno lolote, mama," nikasema, na hata sasa naona haya kuandika kwamba nilisema hivyo.

"Ndiyo. Hukusema hata moja," akajibu. "Yule mama alikuuliza, nilisikia. Ulinyamaza."

Nikainamisha kichwa, akanivisha. Kamba nilikuwa nimeipima kwa shingo zao, kwangu ilibana. Nilifundisha hivyo hivyo mpaka mwisho wa kipindi, na hakuna aliyecheka.