Nilivyolinda Ngome ya Mbao Ilford

Niliondoka Unguja kwa sababu ya mtu ambaye hakuwahi kuishi. Jina lake Shaali, na nilimuumba mwenyewe katika riwaya yangu ya kwanza, hadithi ya ngome ya pwani yetu enzi za Wareno. Katika sura ya saba Shaali anasimama peke yake juu ya ngazi za mzunguko, amevaa deraya, vazi la chuma la vita, aliyomvua Mreno aliyeuawa, na anawazuia maadui kwa upanga mpaka kunapambazuka. Niliipenda sura hiyo kama mama anavyompenda mtoto wake mgonjwa. Wenzangu wa kikundi cha waandishi, tuliokuwa tukikutana Vikokotoni kila Ijumaa, walipoisikia walicheka mpaka wakafuta machozi.

"Zuhura dada yangu," aliuliza Othman, bingwa wetu wa dhihaka, "huyu Shaali wako anapumua saa ngapi?"

"Na akibanwa na haja ndogo je?" akadakia mwengine.

Mhariri wangu wa Dar es Salaam hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kitabu kizima kimeegemea sura hiyo, na sura yenyewe haisimami. Niiandike upya iaminike, ama sivyo nije nichukue mswada wangu.

Ndipo akapiga simu Mjomba Seif, kaka yake mama, aliyekuwa akiishi London tangu ujana wake. Tulikuwa tukijua kwamba siku za mapumziko hutengeneza mavazi ya vita ya kizamani pamoja na Waingereza fulani, na kujaribu ngome zilivyokuwa zikilindwa. Kwetu habari hiyo ilisimuliwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Lakini mimi moyo uliniruka.

"Mwanangu, vita haviandikwi mtu kakaa kitako," alisema nilipomweleza. "Njoo huku uvae mwenyewe." Na tiketi akanitumia.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, asubuhi. Mjomba alinikumbatia na mkoba wake ukalia kama mfuko wa vijiko. Nilidhani ni vyombo. Tulipokwisha kaa ndani ya treni alitoa koleo mbili na pete nyingi ndogo za chuma, akaanza kuziunga huku akiniuliza habari za wazee, mmoja mmoja. Kila pete ilishika nyengine nne. Mikono yake ilikwenda kama ya wanawake wa kwetu wanaoshona kofia barazani, bila ya kutazama. Abiria wote walisoma magazeti yao. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua macho, na mimi nikabaki kujiuliza kama katika mji huu mtu kushona shati la chuma garini ni jambo la kawaida, au ni jambo baya mno kiasi cha kutotazamwa.

Ilford, pembeni ya London, mchana. Nyumba yao ilikuwa moja katika mstari mrefu wa nyumba zinazofanana, nikaogopa kutoka nje peke yangu nisije nikaingia ya watu. Ndani palinukia udi na mchuzi wa pweza. Juu ya friji palikuwa na kofia ya chuma, imepinduliwa, imejaa vitunguu.

"Usishangae," alisema mkazamjomba, Bi Rukia, huku akinivua koti. "Wanaume wa wenzangu wanacheza karata. Wangu mimi anakwenda vitani kila Jumamosi, na akirudi anataka chai na mkate wa ufuta."

"Nani aliyeweka vitunguu ndani ya kofia yangu?" aliuliza Mjomba.

"Adui," akajibu mkewe.

Binti yao Layla, msichana aliyezaliwa huko huko, alicheka. Kiswahili alikifahamu chote, ila majibu yake yote yalitoka kwa Kiingereza. Mimi nilimsemesha kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza, na baada ya siku mbili sikujua tena ni lugha gani iliyokuwa kinywani mwangu.

Jumamosi, nyuma ya reli. Kikundi chao kilikodi ghala la zamani, na ndani yake walikuwa wamejenga mnara wa mbao: lango, upenyo mwembamba wa kutolea mishale, matundu ya darini ya kumwagia watu maji ya moto, ngazi za mzunguko, na juu kabisa chumba chenye mlango. Mkuu wao alikuwa Colin, mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, mwenye ndevu za shaba. Alinieleza kwamba watu wengi huamini ngazi za ngome zilizungushwa upande wa kulia ili mkono wa upanga wa anayepanda ugonge nguzo ya katikati, na wa anayelinda upate nafasi.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Hatujui," alisema kwa furaha kubwa. "Ndiyo maana tunajaribu."

Nilivalishwa na Mjomba. Kwanza koti nene lililojazwa pamba na kushonwa mistari kama godoro. Kisha shati la pete, likanishukia mabegani kama mtu mzima aliyechoka. Kisha kofia. Ilipoingia, London yote ilizimika. Nilibakiwa na ufa mmoja wa mwanga na sauti ya pumzi zangu mwenyewe, kubwa, karibu, kama za mtu mwengine aliyejificha humo ndani kabla yangu.

"Unaona?" Mjomba alipaza sauti.

"Naona kifua chako tu!"

"Basi hivyo ndivyo vita."

Nilipanda juu na upanga wa mbao, nikasimama pale pale ninapomsimamisha Shaali. Chini yangu, Colin na watu wake wakaanza kupanda. Nilivisikia vyuma vyao kila mahali, nisijue viko wapi. Nilipiga upande wa kulia, nikapiga ukuta. Nilipiga kushoto, nikapiga nguzo. Koti lilinibana, jasho likaniingia machoni, na sikuweza kulifuta kwa sababu uso wangu ulikuwa ndani ya sufuria. Halafu mkono ukanishika kifundo cha mguu, taratibu, kama mtu anayechuma embe, ukanivuta. Niliteremka ngazi kwa makalio mpaka chini.

Layla alipiga makofi. Colin akaniomba radhi mara nyingi sana.

Kwa hivyo Shaali wangu alikuwa amekufa kabla maji ya chai hayajachemka. Nililala kitandani nikitazama dari. Bila ya Shaali ngome haina mlinzi, bila ya mlinzi hakuna sura ya saba, na bila ya sura hiyo nina rundo la karatasi. Nilitaka kujua basi ngome huanguka vipi. Niliomba siku ya pili nikae ndani ya chumba cha juu, nimtazame anayeingia.

Jumapili, ghalani tena. Siku hiyo Mjomba alipewa kuongoza mashambulizi, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge nao. Alikuwa amenyoa vizuri na kujitia mafuta mazuri, kana kwamba anakwenda harusini. Mimi na Layla tuliwekwa nyuma ya mlango wa juu, tumevaa kila kitu isipokuwa kofia. Wengine walilinda lango na ngazi. Mshambulizi akifungua mlango na kutugusa, ngome imetekwa.

Nilichungulia kwenye upenyo. Mjomba alilivuka lango chini ya mvua ya maji ya uvuguvugu na sponji zilizokuwa badala ya mawe. Aliwapita watu wawili. Kwenye ufa wa mlango nikamwona akipanda ngazi ameegemeza bega kwenye nguzo, ngao juu, mwepesi ajabu kwa mtu mwenye kitambi, na wenzake wakimfuata kwa makelele. Kila aliyemkinga aliondolewa njiani. Hakuna aliyelitegemea hilo. Niliusikia mguu wake ukikanyaga ubao wa mwisho. Mbele yake kulibaki mlango uliorudishiwa tu, wa kusukumwa kwa kidole.

Halafu:

"Hodi!"

"Karibu, Mjomba," nikasema, nikamfungulia.

Wallahi sikufikiri. Nadhani na yeye hakufikiri. Tulisimama tukatazamana, yeye na upanga wake, mimi na ngao yangu niliyoishusha miguuni ili nimpishe, mpaka Layla alipoketi chini kwa kicheko. Chini ya ngazi Waingereza walikuwa wakiulizana kilichotokea. Layla akawaeleza: kwao baba yake, mtu haingii nyumba ya mwenziwe mpaka apige hodi, na aliye ndani lazima amkaribishe.

"Hata vitani?" aliuliza Colin.

"Dad, hata vitani?" Layla akamuuliza baba yake, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akitamka Kiswahili.

Mjomba alicheka pamoja na watu. Colin alisema kwa adabu kwamba jaribio hilo halitahesabika, kwani lango lililofunguliwa kwa hiari halielezi chochote kuhusu ulinzi. Tafadhali lirudiwe, safari hii bila ya neno lile.

Likarudiwa. Mjomba akavuka lango, akapanda, akawapita wote. Ubao wa mwisho ukalia. Nilisikia pumzi zake upande wa pili wa mlango. Nilisubiri. Layla naye alisubiri. Colin akapaza sauti kutoka chini, "Sukuma, Seif!"

Mlango haukusukumwa.

"Dad, come on!"

Nilichungulia kwenye ufa. Mjomba alikuwa amesimama wima na mkono wake umenyooka, kiganja hakijafika kwenye ubao. Kisha akaurudisha mkono, akavua kofia, akageuka akashuka. Wenzake wakampisha kwenye ngazi nyembamba mmoja mmoja. Alimwambia Colin amechoka.

Jioni, njiani kurudi. Kulikuwa na manyunyu. Layla alitangulia na mkoba wa chuma. Nilitembea kando ya Mjomba nikijiuliza kama nimeona kichekesho au msiba.

"Nimekuharibia utafiti wako," alisema.

"Hapana, Mjomba."

"Ulitaka kuona mtu anavyoingia ngome." Alitembea kidogo. "Mimi hilo silijui, Zuhura. Nilidhani nitajifunza. Ndiyo maana nimejiunga na hawa watu, unafikiri napenda chuma? Nilitaka siku moja niwe mimi ndiye ninayepanda."

Nikapunguza mwendo ili nilingane naye.

"Walioingia kwetu mwaka ule hawakupiga hodi. Baba alikuwa anakunywa chai sebuleni. Mimi nilikuwa ghorofani, nyuma ya mlango, na mama yako nimemziba mdomo, alikuwa mdogo. Nilisikia viatu kwenye ngazi. Hicho ndicho ninachokijua, viatu. Wengine wote mnaosimulia, mnasimulia mambo ambayo mimi sikuyaona."

"Walipanda mpaka juu?"

"Walisimama nje ya mlango. Mmoja akasema, 'Twendeni, humu hamna mtu.' Mpaka leo sijui kama aliamini hivyo, au alitusikia akatuonea huruma."

Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya siku hiyo, na kwangu Mapinduzi yalikuwa gwaride, sare nyeupe ya skuli na soda baridi. Baba yangu mzazi, aliyelima shamba la mtu mpaka ndevu zikamtoka, alipata eka zake tatu kwa Mapinduzi hayo, na kila akizitaja macho yake hung'aa. Mama alimpenda mtu huyo akaolewa naye. Habari ya mlango hakuwahi kunieleza. Nilitembea katika mvua ile nikiwa mtoto wa waliopanda ngazi na wa waliojificha juu yake, na mabega yangu bado yalikuwa mazito kana kwamba sijalivua lile shati la pete.

Bi Rukia alitufungulia mlango, akamtazama mumewe usoni. Alivimwaga vitunguu kutoka katika ile kofia ya akiba ya juu ya friji, akaiosha, akaifuta kwa kanga yake na kuiweka mezani mbele ya mumewe. "Jumamosi ijayo unakwenda?" aliuliza.

"Sijui."

"Utakwenda. Chai hii, kunywa."

Sijui kama alikwenda, kwani Alhamisi nilipanda ndege.

Unguja. Mama alinipokea uwanjani. Niliutazama mdomo wake, nikataka kumuuliza, nikamuuliza habari za kuku. Mengine nitamuuliza. Bado natafuta namna ya kuanza.

Sura ya saba niliichana. Mpya haina shujaa wala upanga. Ina msichana nyuma ya mlango wa juu wa ngome, amekaa juu ya sakafu, anasikiliza mtu akipanda, na sura nzima ni muda ambao mtu huyo anachukua kufika. Nilijifunza kwamba nilikuwa nikiandika vita kwa macho tu, na waliokuwemo wengi hawakuona kitu. Mengine niliyojifunza yanagombana yenyewe kwa yenyewe, sijayapatanisha. Mhariri aliisoma, akaniandikia kwamba kitabu amekichukua, ila hakuielewa vizuri na wala hataki niibadilishe.

Ijumaa niliisomea kikundi. Safari hii hapakuwa na aliyecheka. Othman alikuna kidevu.

"Sasa dada yangu, huyu anayepanda ngazi ni nani? Adui, au ni wetu?"

"Msichana hajui."

"Na wewe mwandishi?"

Wote walinigeukia. Nikamwambia kwamba na mimi nimekaa pale pale nyuma ya mlango.