Likizo ya Baba Mtoto

Jirani yetu wa hapa mtaani Hail, karani wa wizarani, kachukua likizo yake yote ya mwaka amlee binti yake mchanga. Kila asubuhi hukunja mikono ya kanzu, akaanika nepi huku akinitangazia kwa juu ya ukuta: "Jirani, leo kapiga chafya." Mama mkwe wake alipotoka Sidab kuja kumchukua mtoto, jirani alimpa birika la kahawa. "Mama, wewe muangalie mwanao. Huyu nnaye mimi." Jana tulimkuta langoni kampakata mtoto, kichwa wazi, yeye ambaye hata taka hatupi bila kilemba. "Kilemba kiko wapi, bwana?" Akatuinamia tuone. Mtoto kaviringishwa ndani ya kilemba hicho, kwa mikunjo ile ile ya kwendea ofisini, kalala fofofo. "Mimi nipo likizo," akanong'ona. "Chenyewe kipo kazini."