Albamu Iliyorekodiwa Chumbani

Binti yangu wa pekee, ambaye mtaa mzima humwita Radi kwa sababu ya gitaa lake la umeme, alirudi nyumbani kurekodi albamu yake ya kwanza ya roki. Studio za ugenini, alisema, hazina sauti ya kwetu. Akasimamisha magodoro ukutani katika chumba chake cha utotoni, na kila aliporekodi alizima friji ili isingurume.

"Maziwa yameganda, mwanangu."

"Yamejitolea kwa ajili ya sanaa, mama."

Nilicheka. Tangu nifiwe, sikuwa na wa kucheka naye humo ndani.

Alipomaliza alinivisha hedifoni. Wimbo wa mwisho ulimhusu baba yake. Marehemu alikuwa mhasibu wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa, aliendelea kutoka kila asubuhi na mkoba wake, akashinda kwenye kituo cha mabasi hadi jioni, ili watu wasijue. Radi, akiwa bado mwanafunzi, alimwona huko akanyamaza. Sasa alikuwa akiyaimba, na jina la ukoo wetu liko juu ya jalada.

"Ukikataa nautoa," alisema bila kunitazama. "Lakini bila huo, mama, zilizobaki ni kelele tu."

"Majirani wamesema hivyo tangu zamani."

Hakucheka. Kwetu, ya nyumbani huishia mlangoni. Neno la kukataa lilikuwa ulimini. Nikamwomba auweke tena, nikausikiliza kama nilivyozoea kusahihisha insha za wanafunzi wangu.

"Hapa umekosea," nikasema. "Unasema shati lake lilikuwa limekunjamana. Baba yako hakutoka humu na shati lililokunjamana hata siku moja. Nilimpigia pasi mwenyewe, hata baada ya kiwanda kufungwa."

"Kumbe ulijua?"

"Mke asijue, na mume anarudi hana harufu ya sabuni?"

"Na hamkuzungumza?"

"Alinishukuru kwa shati. Nikamwambia kazi njema."

Radi aliketi kwenye chaga za kitanda, mikono mapajani, kama mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa.

"Rekebisha shati," nikamwambia. "Mengine yaache."

Akashika gitaa, akaanza upya; safari hii shati lilikuwa limenyooka. Mimi nilitoka, nikafunga mlango taratibu, nikasimama peke yangu koridoni na khanga mdomoni, pumzi zangu zisije zikaingia kwenye wimbo.