Zamu ya Kuchagua Bahari

Mume wangu anauza vipuri vya malori, na karibu vyote hupitia bandari ya Dar es Salaam, naye huenda kuvitoa. Kwa hiyo nyumbani kwetu Bel-Air, mjini Lubumbashi, yeye ndiye alikuwa mjuzi wa bahari. Alipotangaza kwamba likizo hii tunakwenda Dar sisi sote, yaani yeye, mimi, binti yetu na mamamkwe wangu, tulipiga makofi. Ubishi ulianza baadaye, mikono ikiwa ndani ya bukari, ugali wa kwetu: tukifika, twende plaji gani, ufukwe upi?

"Plaji iko mingi," alisema mume wangu. "Mwaniachie. Mi naijua Dar kama mufuko yangu."

Binti yetu alikuwa ameshatafuta kwenye simu. Alitaka kisiwa kimoja chenye mchanga mweupe na maji ya buluu kama ya kwenye tangazo, mbele kidogo ya pwani. "Papa, angalia maji. Bleu sawa mu publicité!"

Mamamkwe akavaa miwani yake, akaichukua simu, akaisogeza karibu na pua. Yeye ni mwanamke wa Kasai aliyekuja Katanga akiwa bibi-arusi, na kanisani anaketi safu ya mbele. Kwenye picha mwanamke mwenye vazi la kuogelea alikuwa amejilaza mchangani.

"Na huyu mama," akauliza, "alisahau robe ku nyumba?"

Binti akaipokonya simu. Mamamkwe akasema yeye anataka plaji ya kutulia, yenye watu wenye nguo. Mimi nilitaka kiti, kivuli, na sufuria iwe mikononi mwa mtu mwingine, lakini hakuna aliyeniuliza. Mwisho tukakubaliana kila mmoja atakuwa na zamu yake ya kuchagua, na mjuzi ataanza.

Tulipanga vyumba Kigamboni. Asubuhi ya kwanza mume wangu alivaa kofia mpya, akatuingiza kwenye bajaji, akamwelekeza dereva kwa kidole kama mtu aliyezaliwa pale. Tukashuka mahali penye minazi. Mchanga ulikuwapo. Baada ya mchanga kulikuwa na tope, majani ya kijani yaliyolala, na mitumbwi imeegemea ubavu. Maji hayakuwapo.

"Bahari iko wapi?" akauliza mamamkwe.

Mume wangu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hii fasi baliiharibu," akasema. "Twende ingine."

Ya pili ilikuwa vilevile, ila tope lilikuwa pana zaidi. Kwenye ya tatu mume wangu akamgeukia dereva kwa hasira. "Rafiki, siye tunalipa. Utupeleke fasi bahari iko!"

Dereva alikuwa kijana mpole. "Mzee, bahari ni hii hii. Maji yamekupwa tu."

Kwetu mtu akifariki tunasema amekufwa. Nilimwona mamamkwe akivua kofia yake ya jua taratibu.

"Imekufwa?" akasema. "Bahari muzima?"

Akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kiluba cha kwao, kwa sauti ya chini, kama anavyoomba kwenye matanga. Dereva akanitazama mimi, mimi nikamtazama mume wangu, na mume wangu akaivua kofia yake mpya, akaitazama. Mwishowe kijana akaeleza kwa upole: maji huondoka na maji hurudi, kila siku, na alasiri yatakuwa yamejaa mpaka kwenye ile minazi.

"Niliijua," akasema mume wangu.

"Papa," binti akauliza, "ulikuyaka Dar mara yote ile, haukuonaka bahari?"

Akakohoa. "Niliionaka. Mu dirisha ya bureau ya transitaire."

Kumbe Dar yake yote ilikuwa ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini! Nilicheka mpaka nikaketi chini ya mnazi. Alasiri maji yalirudi kweli, lakini yeye alikuwa amenuna, akayatazama kutoka mbali kama mteja aliyekataa kulipa na bado anataka bidhaa.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya mamamkwe. Alichagua ufukwe wenye mkahawa wa makuti na familia nyingi zilizojistiri. Tuliagiza samaki. Kabla samaki hajafika, akamwita mhudumu.

"Mutoto wangu, mi nataka kunawa."

Mhudumu akainama kwa heshima, akaenda, akarudi na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni. Mamamkwe akaliangalia lile beseni.

"Hii iko ya nini? Mi nataka kunawa mwili yote!"

Kijana wa watu alibaki ameinamisha jagi hewani. Nikamwokoa. "Anataka kuoga," nikasema, kwa maana kwetu kunawa ndiyo kuoga.

"Ah! Bafu liko nyuma, mama, karibu na jiko."

"Bafu!" akasema mamamkwe. "Nilitoka Lubumbashi juu ya kunawa mu bafu?"

Akainuka, akakaza kikwembe chake cha kitenge, akaelekea baharini peke yake. Wimbi dogo likamfikia vifundoni. Akaruka nyuma, akalinyooshea kidole. "Weye, pole-pole!" Siku hiyo hakwenda mbele zaidi.

Zamu ya binti ilikuwa kisiwa. Mwenye boti, mzee kidogo mwenye mvi, alisimama majini akitusaidia kupanda. Alipofika kwa mamamkwe akanyoosha mkono.

"Bibi, nishike hapa."

Mamamkwe akaurudisha mkono wake kifuani. "Bibi ya nani? Bwana yangu alikufwa, na sijatafuta mwengine!"

Boti nzima ikacheka, isipokuwa mwenye boti. Binti yetu akamnong'oneza nyanya yake: "Kambo, huku bibi haiko mwanamuke wa mutu. Bibi iko kambo."

Mamamkwe akafikiri. Akamtazama yule mtu, mvi zake, kisha akatazama maji.

"Kambo wake?" akasema. "Na ile mvi yote? Afazali ile ya kwanza."

Akampa mkono, akapanda.

Kisiwani maji yalikuwa bleu kama kwenye simu. Binti akapotelea kwenye picha zake. Mume wangu akakunja suruali, akasimama palepale mchanga unapoanza kulowa. Mimi nikapata kile nilichokuwa nakitaka tangu Bel-Air: kiti, chini ya makuti, na samaki anakaangwa na mtu nisiyemjua. Nilikuwa naanza kusinzia niliposikia naitwa.

"Mutoto wangu! Kuya!"

Kwa miaka yote ya ndoa yangu mamamkwe ameniita "bibi ya mutoto wangu". Nikafumbua macho. Alikuwa ameketi majini, maji yakimfika kifuani, kikwembe kimevimba pande zote kama mandazi, na anaimba wimbo wa kanisa. Nikaingia majini na gauni langu mwilini. Sijui kuogelea, naye hajui. Tukashikana mikono, tukakaa hapo, kila wimbi likituinua kidogo na kutuweka chini.

"Kesho iko zamu yako," akaniambia. "Unachagua wapi?"

Kabla sijajibu, mume wangu akasema kutoka nchi kavu, "Niko naijua fasi moja..."

"Hapana!" tukasema wanawake watatu.

Kesho yake tukarudi kisiwani. Niliketi majini mpaka vidole vikakunjamana, na samaki akaliwa bila mimi.